Mgeni Asiye na Jina Ndani ya Makame

Ijumaa, baada ya Magharibi. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haijataka kunyesha. Joto la namna hii hunitia kisirani. Nimekaa ukumbini kwangu hapa Amani, feni inazunguka, kule uwanjani watu wanashangilia mpira, na mimi sina hamu hata ya chai.

Shajara, leo nimefanya jambo baya, na sitaki kulianzia mwisho.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wanajua mimi ni mtu wa dhana. Mume wangu husema hata nikiletewa haluwa nyumbani, kwanza nauliza imeletwa na nani na anataka nini. Sikatai. Kazi yangu yenyewe ni ya kushuku. Natunza seva za kampuni moja ndogo pale Vuga, ghorofani kwenye nyumba kongwe ya kuta nene, na wateja wetu ni hoteli mbili, skuli moja na kliniki moja ya wazazi. Nalipwa nikae nijiulize nini kitaharibika, na nani atakayekiharibu.

Kwa msiojua kazi hii, nieleze kidogo. Tuna seva tatu kubwa, kompyuta za kutunzia kumbukumbu za wateja, vyuma vya kushikika. Ndani ya kila moja zinaishi seva nyengine ambazo hazina mwili wa peke yao. Zinakula memori ya ile kubwa, yaani nafasi yake ya kufanyia kazi, na kutumia umeme wake. Ile kubwa tunaiita mwenyeji, na zile za ndani tunaziita wageni. Mgeni anaweza kuhamishwa kutoka kwa mwenyeji mmoja kwenda kwa mwengine, na mteja wake asihisi kitu.

Halafu kuna kiolezo. Kiolezo ni kama kadi ya mwaliko wa harusi iliyokwishapigwa chapa, ikaachwa nafasi ya jina la mwalikwa. Hatuandiki maagizo ya kila seva upya, tunajaza zile nafasi tu. Nafasi hizo ndizo vigezo, na kila kimoja kina jina lake. Vigezo vyetu nilivipa majina mimi, na nilikuwa nikijivuna kwa hilo.

Nilivikuta na majina ya hovyo, herufi na namba zilizoshikana, hujui kipi ni kipi. Nikaamua seva zetu ziitwe kama tunavyoitwa wenyewe huku Unguja: jina lako, kisha la baba yako. Wenyeji nikawapa majina ya kiume, Khamis, Juma na Makame. Wageni wakawa watoto wao. Mgeni wa kliniki, anayekaa ndani ya Khamis, akawa Asha Khamis. Wa skuli akawa Fatuma Juma. Wa hoteli wakawa Mwaka Makame na Subira Makame. Ukisoma jina tu unajua ni mgeni gani na yumo kwa nani, na kiolezo nacho kikisoma Asha Khamis kinapeleka maagizo ya Asha kwa Khamis.

Ofisi nzima ilipenda. Hata Bi Thuwaiba, mkurugenzi wetu, ambaye kompyuta kwake ni kitu cha kusomea barua, akawa akiingia asubuhi anauliza Makame kaamkaje.

Kisha akaja Pandu.

Pandu ni kijana wa Makunduchi, kasoma Bara, kaajiriwa mwaka huu anisaidie na bado yumo kwenye muda wa majaribio. Siku yake ya kwanza nilimkalisha nikamfundisha majina yetu. Nilimwambia asijitie kuyafikiria sana, ni kama majina ya watu tu. Akatikisa kichwa, akasema hilo jepesi. Anafanya kazi vizuri. Anakula kachori juu ya kibodi, jambo ninalolichukia, lakini kazi anaiweza.

Tatizo ni kwamba simuamini.

Simu yake ikilia hutoka nje mpaka kwenye ngazi, hushusha sauti, na huzungumza Kimakunduchi ambacho mimi nakipata nusunusu. Nikipita nyuma ya kiti chake hufunga dirisha alilokuwa akilitazama. Asubuhi nikifika namkuta keshafika, na hakuna aliyemwambia awahi. Bibi yangu alikuwa na mikarafuu Kidichi, na mpaka anakufa aliamini kwamba watu wa shamba wanamchukia na wanamuibia. Tulikuwa tukimcheka sisi wajukuu. Nilidhani ile tabia kaondoka nayo, lakini kumbe kaniachia.

Jumatatu niliangalia memori ya wenyeji wetu, kama nifanyavyo siku zote. Makame alikuwa kashiba kupita kiasi. Kwa mujibu wa kiolezo ana watoto wawili tu, Mwaka na Subira, na hao hawali sana msimu huu ambao hoteli hazijajaa. Nikaingia ndani ya Makame kutazama. Nikamkuta Mwaka, nikamkuta Subira, na pembeni yao nikamkuta wa tatu.

Huyo wa tatu hakuwa na jina. Alikuwa na msururu wa herufi na tarakimu ambao mashine huutoa yenyewe pale mtu anapoleta mgeni asimwandike. Na alikuwa anakula memori kuliko wenzake wote wawili.

Nikamuita Asha Khamis, akaitika. Tunaziita hivi seva zetu, unatuma salamu fupi na yenyewe inakujibu kwamba ipo. Nikamuita Fatuma Juma, naye akaitika. Wateja wetu wote wapo kwao, wazima. Basi huyu ni nani, na nani kamleta? Ofisini wanaoweza kuingiza mgeni ni wawili. Mmoja ni mimi.

Sikumuuliza.

Hapo ndipo ninapotaka nijisimamishe, Shajara. Alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu, anafuta mafuta ya kachori kwenye vidole. Ningesema tu, Pandu, hii nini? Nilinyamaza kwa sababu nilishajijibu mwenyewe. Nilijua kabisa kwamba kijana ana wateja wake wa pembeni, anawaweka ndani ya mashine zetu, na zile simu za kwenye ngazi ni zao. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nilisikia hata raha fulani, niseme ukweli, ile raha ya mtu aliyekuwa akishuku muda mrefu na sasa kashika kitu mkononi.

Jumanne na Jumatano nilimtazama. Alipocheka niliona anacheka kwa kunidharau. Alipokuwa mpole niliona anajificha. Aliniletea embe kutoka kwao na mimi nikazipeleka kwa jirani, nikaogopa hata kuzionja. Niliona vilevile kwamba Khamis, ambaye zamani alikuwa akichemka mpaka feni zake zinapiga kelele, wiki hii katulia. Nilisema labda wamemsafisha vumbi, nikaendelea na mengine. Jambo ambalo lingenieleza kila kitu lilikuwa mbele ya macho yangu, nikalipita kwa sababu halikumhusu Pandu.

Jana Alkhamisi nilikwenda kwa Bi Thuwaiba. Nilifunga mlango. Nikamwambia kuna mtu anatumia mashine za kampuni kwa biashara yake, na nikamtaja. Bi Thuwaiba ni mama wa watu, mpole, lakini aliwahi kuibiwa na mtu wa karibu katika duka la marehemu mumewe na jambo hilo halijamtoka. Alinisikiliza huku akizungusha bangili zake. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Una hakika, mwanangu?"

Nikasema nina hakika.

Akasema muda wa majaribio wa Pandu unakwisha mwezi huu, hatamuongeza. Ila nitafute ushahidi, asije akaambiwa kamuonea mtoto wa watu. Nilitoka mle kifua mbele.

Leo nilisubiri Pandu aende kusali Ijumaa. Alivaa kofia yake, akaniuliza kama nataka aninunulie chochote akirudi, nikamwambia sitaki. Aliposhuka ngazi nikaingia ndani ya Makame nikamzima yule mgeni asiye na jina. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Mwenye mgeni atalalamikiwa na wateja wake, atarudi mbio, na mimi nitakuwa nimekaa palepale namngoja.

Simu ililia hata sijaegemea kiti. Haikuwa ya Pandu. Alikuwa Bi Mwanaisha, muuguzi mkuu wa kliniki yetu. Alisema kwamba kompyuta zao zote zimekatika, na kuna mama yuko chumba cha kujifungulia anatoka damu, wanataka kuona kundi lake la damu na vipimo vyake vya wiki hii.

Nilimuita Asha. Asha hakuitika.

Nikakimbilia kwa Khamis. Nikamkuta Asha yumo, lakini kalala, na si leo tu. Alikuwa kazimwa tangu Jumapili. Akili yangu haikukubali. Nilimuita Jumatatu akaitika, leo naambiwa alikuwa kalala siku zote hizo, basi aliyenijibu ni nani? Sikukaa kufikiri. Nilimuamsha. Kompyuta za kliniki zikarudi, nikapumua, nikamwambia Bi Mwanaisha atazame sasa.

Akatazama. Akasema yule mama hayumo. Wenye vipimo vya karibuni wote hawamo. Wamo wa zamani tu, kama vile mtu kawafuta wanawake wote wa siku hizi. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayejizuia asikutukane, kwamba wanaanza kumpima upya kwa mkono na hawana muda wa kungoja.

Nilimpigia Pandu. Simu imezimwa, yumo msikitini. Nilisimama dirishani nikitazama njia mpaka watu wakaanza kutoka, kanzu tupu, na mimi natafuta kofia moja. Nilimuomba Mwenyezi Mungu amlinde yule mama, na ndani ya dua hiyohiyo nikajikuta nasema, ya Rabbi, Pandu asiwe kakimbia.

Alipopanda sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Nilimwambia kliniki imekatika. Alitazama skrini yangu, akaona Asha yuko macho ndani ya Khamis, akashika kichwa. Alisema huyo ni wa zamani, nimzime, nimrudishe yule wa kwa Makame. Nikafanya kama alivyosema. Bi Mwanaisha akasema sasa wote wamo. Majibu ya kupima kwa mkono yalikuwa yametoka tayari, yakawa sawasawa na yaliyokuwemo kwenye kompyuta. Baadaye alasiri alinipigia kunambia yule mama kajifungua, mama na mwana wazima. Nilikwenda chooni nikalia.

Lakini kabla ya hapo nilikaa na Pandu, na kwa mara ya kwanza wiki hii nikamuuliza.

Kumbe Jumapili iliyopita mimi nilikuwa harusini Bububu na simu iko kwenye mkoba. Khamis alichemka mpaka akataka kujizima. Pandu alikuwa zamu. Alimhamishia Asha kwa Makame, na nakala yake ya zamani, isiyo na yaliyoandikwa baadaye, akaiacha imelala kwa Khamis kwa tahadhari, likitokea la kutokea. Asha alihama na anwani yake, kwa hiyo ukimuita anaitika palepale, hujui kwamba anajibu kutoka nyumba nyengine. Jina halisi kule ndani Pandu hakuliandika kwa sababu alikuwa na haraka, na kwenye kiolezo akaliacha vilevile, Asha Khamis.

Nikamuuliza kwa nini hakumuandika Asha Makame, maana sasa yuko kwa Makame. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Da Nasra, mtoto akenda kulelewa kwa ami yake, hubadilishwa jina la baba? Si ulinambia ni kama majina ya watu?"

Mimi mwenyewe nimelelewa kwa mjomba wangu Malindi tangu mama alipokwenda Oman, na hakuna siku hata moja niliyoandikwa jina la mjomba. Nimekua ndani ya nyumba ya mtu mwengine na jina la baba yangu nyuma ya langu. Kila mtu wa kisiwa hiki angefanya alivyofanya Pandu. Niliyetaka jina la baba limaanishe mahali pa kulala ni mimi peke yangu, na sikuwahi kumwambia mtu.

Naye ana lake la kosa. Alihamisha mgeni mzito na hakuniarifu. Alikiri bila ya kuzungusha. Alisema Jumatatu ile alitaka kunambia, lakini nilimpita bila ya salamu, na ananiogopa. Nilitaka kukasirika kwa neno hilo, nikashindwa. Halafu akauliza nani aliyemzima mgeni wa kwa Makame, na kwa nini.

Nikamwambia nilimuona hana jina nikashuku. Sikumwambia nilimshuku nani. Aliikunja kofia yake mkononi.

"Ungeniuliza tu, dada."

Basi. Akarudi kwenye kiti chake.

Baada ya Alasiri nilikwenda kwa Bi Thuwaiba, nyumbani kwake Mtoni, kwa sababu Ijumaa haji ofisini. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanikaribisha barazani. Nikamwambia nilikosea. Nikamueleza Khamis, Makame, Asha, Jumapili ya harusi, majina ya baba, yote. Niliona mapema kwamba hafuati. Nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kunitazama kwa jicho la pembeni, na jicho hilo nalijua vizuri, kwa sababu ndilo nililokuwa nikimtazamia Pandu.

Nilipomaliza aliziacha bangili zake.

"Jana umekuja kunambia mwizi, na hakika unayo. Leo umekuja kunambia si mwizi, na hakika unayo. Baina ya jana na leo mmepatana nini nyinyi wawili?"

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania.

Kwake mambo yanakaa mahali pake hivi: Nasra aligundua wizi, akaja kusema, kisha akaingizwa kwenye biashara yenyewe. Kuapa kwangu hakukusaidia kitu, kulimzidishia dhana. Alisema Jumatatu ataleta mtu wa nje azitazame mashine zote, na kuhusu Pandu uamuzi wake uko palepale. Aliniaga vizuri, akanipa na mkate wa kumimina nichukue nyumbani. Uko jikoni. Sijaugusa.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza kwamba kiolezo nitakibadilisha kwa dakika chache. Nitaongeza nafasi moja, basi. Jina la mgeni, jina la baba aliyemzaa, na nyumba anayokaa leo, kila moja na pahala pake. Hilo jepesi. Lakini nililolijaza ndani ya kichwa cha Bi Thuwaiba jana sina kiolezo cha kulifutia.

Nilipofika nyumbani nikakuta ujumbe wa Pandu. Keshakibadilisha kiolezo. Kaandika kwamba kaongeza nafasi ya tatu, kaiita "anakaa", na Asha sasa anasomeka Asha Khamis, anakaa Makame, nitazame kama iko sawa. Nimetazama. Iko sawa kuliko ambavyo ningeiandika mimi.

Chini yake kaongeza: "Da Nasra, ahsante kwa kunistahamilia leo. Nakuomba kitu kimoja, la Jumapili ile usimfikishie Bi Thuwaiba. Muda wangu wa majaribio unakwisha mwezi huu, na watu wa nyumbani wananitegemea, wananipigia kila siku."

Nilisoma, na unajua nilichofikiri kwanza? Nilifikiri, mbona mpole hivi, anataka nini. Baada ya yote ya leo, hilo ndilo lililokuja mbele. Ndipo nilipoogopa hasa, na sikumuogopa yeye.

Kesho Jumamosi tunafungua nusu siku. Nimeamua nitamtangulia, nimngoje pale kwenye ngazi anapozungumzia simu zake, nimwambie yote ya Alkhamisi kabla hajavua viatu. Akitaka kunitukana kwa Kimakunduchi, atukane, safari hii nitajitahidi nimpate neno kwa neno. Kisha nitamuomba tuondoke pamoja hadi Mtoni, ingawa najua Bi Thuwaiba akituona tumefuatana ndiyo ataamini kabisa kwamba tumepatana.

Hiyo ni kesho. Kwa sasa simu iko hapa mezani na ujumbe umeshaonesha kwamba nimeusoma. Anajua nimeusoma, na hajui kwamba la Jumapili nimeshamfikishia Bi Thuwaiba. Anangoja jibu, na huenda kanyamaza kama mimi nilivyonyamaza Jumatatu, anaanza kujiuliza kwa nini simjibu.

Nimwandikie nini?